Doa Katikati ya Mteremko

Jumamosi, 16 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi wanapoonyeshwa picha ya mwenzao ni kumtazama kwanza mwenye picha usoni. Wakiona anatabasamu, nao hutabasamu. Wakiona amekunja uso, hutafuta maneno laini. Picha yenyewe huishia kutazamwa na ukuta. Nimeliandika hili mwanzoni mwa daftari jipya kwa sababu leo mvua imeanza, na kila mvua ikianza chama chetu cha wapiga picha hupata mgeni mwenye kosa hilohilo.

Mgeni wa leo ni muuguzi wa zahanati iliyo juu ya kilima, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuliza, "Inauma wapi?" Tunakutana chumba cha nyuma cha duka la Fundi Saa, kati ya saa za ukutani ambazo hakuna hata mbili zinazokubaliana. Nilimweleza utaratibu wetu. Picha hubanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mwenye picha hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, huweka funda la maji mdomoni, na haruhusiwi kulimeza mpaka wote wamalize kusema. Katika raundi ya kwanza kila mtu husema anachokiona, bila sifa wala lawama. Katika ya pili husema jicho lake lilikwama wapi. Ya tatu ni ya ushauri, nayo haifanyiki mpaka mwenye picha ameze na kuuomba mwenyewe.

"Na akicheka?" Muuguzi akauliza.

"Atalowesha sakafu," Fundi Saa akamjibu. "Tambara la deki liko nyuma ya mlango. Muulize Haraka, wanafahamiana."

Haraka ni mwokaji wa mikate. Jina alipewa na wateja wake, kwa dhihaka.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua siku nzima.

Jumatano, 20 Machi

Mpwa wangu amepiga simu. "Mjomba, nimepita pale mteremkoni, wameshapigilia vigingi. Mvua ikiisha wanachimba misingi ya nyumba." Mteremko ule ndio aliopanda mama yake kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita kwenda kufua mashuka ya zahanati.

Mama yake, marehemu sasa, alikuwa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea, akanisomesha, akaninunulia kamera ya kwanza.

"Nipigie picha moja," mpwa akasema. "Kubwa, ya ukutani. Nataka wanangu wajue bibi yao alipita wapi."

Nikamwahidi, nikijua kwamba picha hiyo ninayo tayari, au karibu ninayo. Kila masika kwa miaka minne sasa nimeupiga mteremko ule kutoka dirisha langu la jikoni kwa kamera ya infraredi. Nieleze kidogo, maana siku moja huenda mtu akasoma. Ndani ya kamera ya kawaida mna chujio linalozuia mwanga ulio nje ya wekundu, ambao macho yetu hayauoni. Fundi Saa aliifungua kamera yangu kwa koleo zake za saa akalitoa chujio hilo, akaweka jingine linalozuia mwanga wa kawaida na kuupitisha ule usioonekana. Majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi, kwa hiyo nyasi hutoka nyeupe kama pamba na anga la buluu hutoka jeusi. Tatizo ni kwamba kazi hii inataka majani mabichi na jua kali kwa pamoja. Majani huletwa na mvua, na mvua hiyohiyo hulifukuza jua.

Katika picha zangu zote nne, katikati ya mteremko kuna mwanga mpole wa mviringo. Hapo ndipo Dada alipokuwa akisimama kupumzika, mkono kiunoni, akageuka kunitazama dirishani kama nimeamka. Mimi ni mwalimu wa fizikia mstaafu na siamini mizuka. Lakini mwanga huo nimeuzoea, na sijamwambia mtu ninachokiwaza nikiutazama.

Jumamosi, 23 Machi

Haraka alitundika picha ya bustani ya shule. Muuguzi alipopewa zamu akasema, "Naona picha nzuri."

"Nzuri haionekani," nikamwambia. "Hiyo ni hukumu. Wewe unaona nini?"

Akasogea. "Naona miti mitano. Naona benchi halina mtu. Naona weupe katikati, kama ukungu."

Haraka alipomeza akaomba ushauri, nikamweleza. Baadhi ya lenzi zina ila hii: mwanga wa infraredi hugongagonga kati ya vioo vya ndani na kurudi kama doa jeupe katikati ya picha. Ukibana tundu la lenzi, doa hukolea. Ulifungue, au ubadili lenzi.

"Yaani Mwalimu, wiki nzima nawaonyesha wateja doa nikiwaambia ni ukungu wa alfajiri?"

"Alfajiri unaijulia wapi wewe?" Fundi Saa akauliza. "Mikate yenyewe inatoka saa nne."

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 30 Machi

Daraja dogo limefunikwa na maji. Tulikuwa wawili tu, mimi na Fundi Saa. Tukanywa chai, tukazungumza habari za kale.

Nilimsimulia jinsi Dada alivyokuwa akishikilia blanketi dirishani ili chumba kiwe giza nisafishe picha zangu za kwanza. Mikono ilimuuma, lakini hakulishusha. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa yake, akiwa na beseni la mashuka kichwani. Karatasi ilipokauka akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona umenikata miguu?" Nikajitetea kwamba uso ndio muhimu. Akasema, "Kaka, uso haukunifikisha kazini hata siku moja. Ni miguu hiyo ndiyo iliyokupeleka shule."

Nimefundisha miaka thelathini na mitano, na sijawahi kusikia masahihisho mafupi na ya haki kama hayo. Siku zile sikuwa na funda la maji mdomoni. Nilinuna mpaka jioni.

Alhamisi, 4 Aprili

Jua, dakika arobaini! Nimepiga mteremko. Mwanga upo palepale.

Jumamosi, 6 Aprili

Muuguzi ametundika picha ya mfereji nyuma ya zahanati. Tulimwambia ukingo wa kulia umejaa vitu visivyosaidia. Alimeza maji, akasema asante, akaomba mkasi na kukata ukingo wa kulia palepale. Mtu wa aina hii sijamwona chamani tangu tuanze.

Jumamosi, 13 Aprili

Lazima niandike yote, hata yanayoniaibisha.

Nilikuwa nimeisafisha picha ya mteremko kwa ukubwa wa meza. Nikaitundika kwa vibanio sita, nikakaa kigodani, nikaweka maji mdomoni. Sikuwa na wasiwasi. Nilidhani nimeenda kupongezwa kabla ya kuipeleka kwa mpwa wangu.

"Naona mteremko mweupe na anga jeusi," Haraka akaanza. "Naona vigingi. Naona mwanga katikati."

"Naona paa la zahanati kule juu," akasema Fundi Saa, kisha akashughulika na miwani yake. "Na mwanga. Ndiyo. Mwanga."

Muuguzi akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. "Naona njia inaanzia chini. Naona njia inafika juu. Katikati sioni njia, naona doa."

Raundi ya pili. Haraka akanitazama usoni. "Mimi sijakwama popote, Mwalimu. Kila kitu kiko mahali pake." Fundi Saa naye akanitazama usoni, akasema, "Kama alivyosema Haraka."

Muuguzi aliitazama picha. "Mimi nimekwama katikati. Hili ni doa lile la Haraka, la lenzi. Liko katikati kabisa ya karatasi, nimepima kwa shubiri huku na huku. Njia hii naipita kila siku kwenda kazini. Pale katikati kuna kitu, na doa limekifunika."

Nikameza.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumeza kabla ya wakati. Haraka amewahi kutema, lakini kumeza ili ajibu, hapana. Nikasikia sauti yangu, ile ya darasani, ya siku mbaya: "Binti, mteremko huu nimeutazama tangu hujazaliwa. Wewe una wiki nne tu hapa. Doa utanifundisha wewe?"

Akasimama wima, bila hasira. "Samahani, Mwalimu. Nilidhani tuko raundi ya pili." Akachukua mwavuli wake, akatoka mvuani.

Saa zote zikawa zinagonga, kila moja kwa wakati wake.

"Umemeza," Fundi Saa akasema.

"Nimemeza."

Jumapili, 14 Aprili

Nimekuwa mezani tangu asubuhi na picha zote tano, ya mwaka huu ikiwa nakala yake ndogo. Nilikusudia kuthibitisha kwamba binti amekosea. Ndiyo faida na hasara ya kuwa mwalimu wa fizikia: hata ukiwa na hasira, unapima.

Nilizipanga kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Doa liko katikati ya karatasi kila mwaka, halitofautiani hata kwa upana wa kucha. Lakini kamera haikuelekea sawasawa kila mwaka. Mwaka wa pili nilikuwa nimeigeuza kidogo kushoto, na katika picha hiyo mwanga uko karibu na mtaro. Mwaka wa nne niliinua kidogo, na mwanga uko karibu na uzio wa zahanati. Kama ulikuwa ukionyesha aliposimama Dada, basi Dada alikuwa akihama kila masika.

Hakuwa akihama. Mimi ndiye niliyekuwa nikisogeza kumbukumbu kila mwaka ili ilingane na doa. Na sasa nikijiuliza alikuwa akisimama wapi hasa, sijui. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu aliyenilea, kituo chake cha kila asubuhi, nimekifuta kwa kukipenda vibaya. Nacho kinakwenda kuchimbwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Fundi Saa. Alikuwa ameinamia saa ya mtu, kioo cha kukuzia jichoni.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Miaka minne! Na hukuniambia, rafiki yangu?"

Akakitoa kioo jichoni. "Nikuambie nini? Ulikuwa unaitazama picha kama mtu aliyepokea mgeni. Nikasema, mimi ni nani nimfukuze mgeni wa watu?" Akaigeuza saa mkononi. "Nilikosa. Saa ya mteja ikichelewa namwambia siku hiyohiyo. Yako nikaiacha ichelewe miaka minne kwa sababu nakupenda."

Sikuwa na la kumlaumu. Sisi wote wawili tulikuwa tumetazama uso.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua ya rasharasha. Nimepanda njia ya mteremko kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, fimbo mkononi, macho chini nisiteleze. Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa mpaka Muuguzi akatokea mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Inauma wapi?"

"Kwenye kiburi."

"Hapo hatuna dawa. Tunaosha tu na kufunga."

Nikasimama nikamwambia bila kuzungusha: "Uliona sawasawa, ukasema kwa adabu, nami nikakuvunjia heshima mbele ya watu. Nitalisema hili mbele ya haohao. Naomba unisamehe."

"Nimeshasamehe. Lakini chamani nilidhani sirudi. Si kwa sababu ulinifokea, wagonjwa wananifokea kila siku. Niliona wale wengine wananyamaza, nikasema hapa maji ya mdomoni ni mchezo."

Hilo nalo lilikuwa la haki.

Zamu yake ilikuwa imekwisha, tukashuka pamoja. Katikati ya mteremko, mahali ambapo hakuna jiwe wala shimo, njia inapinda kama kiwiko, inazunguka kipande cha nyasi tupu, kisha inaendelea. Wakati wa kupanda nilikuwa nimepinda nayo bila kuona.

"Kitu nilichokuwa nasema ni hiki," Muuguzi akasema. "Siku yangu ya kwanza nilikata moja kwa moja. Mama mmoja mzee akanifokea: 'We dada, pita wanapopita watu!' Nikamuuliza kuna nini. Akasema hajui, ndiko wanakopita watu."

Nikaegemea fimbo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Dada alipanda mlimau pale. Alitema mbegu njiani akila limau, moja ikaota, akaizungushia mawe watu wasiikanyage. Alisema anayepanda kilima lazima apate kitu cha kutazamia. Mlimau ulikaa miaka tisa. Ulipong'olewa ili bomba la maji lipite, mawe nayo yakachukuliwa. Watu wakaendelea kupinda. Na hapo, kivulini mwa mlimau, ndipo alipokuwa akisimama, mkono kiunoni. Nilisimama mahali penyewe, nikageuka, nikaliona dirisha langu la jikoni kule chini.

Muuguzi sikumsimulia. Nilimwambia tu kwamba nahitaji jua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua kubwa. Duka la Fundi Saa limeingia maji, hatukukutana.

Jumatano, 24 Aprili

Jua dakika tano. Nilipofika dirishani limeondoka. Vigingi vimefungwa kamba.

Jumamosi, 27 Aprili

Trekta la kuchimba limeegeshwa chini ya mteremko.

Chamani niliomba radhi mbele ya wote. Muuguzi alikuwepo. Kisha nikakaa kigodani bila picha. "Naomba raundi ya tatu," nikasema. "Nishaurini. Sitajibu." Nikaweka maji mdomoni.

Muuguzi akaanza, "Usipigie dirishani. Kutoka pale njia inaonekana kwa ubavu, kona inajificha. Unahitaji kuwa juu zaidi na upande wa mtaro."

"Chukua lenzi yangu kuukuu," akasema Fundi Saa. "Ni nzito, ila haina doa. Ningekupa miaka minne iliyopita."

Haraka akajikuna kichwa. "Mwalimu, usinikasirikie. Wewe unapenda sana kukaa jikoni kwako. Gari langu la mikate lina paa imara. Nitalileta hadi mtaroni, nawe upande juu yake. Jua likitoka tu, piga simu."

"Atafika kesho yake," Fundi Saa akanong'ona, nami nikalowesha sakafu. Nikapiga deki mwenyewe.

Alhamisi, 2 Mei

Saa tisa alasiri mawingu yakapasuka. Nikapiga simu, na Haraka, kwa mara ya kwanza katika historia yake, akafika kabla sijavaa viatu.

Nikapanda paa la gari kwa ngazi ya kupakilia magunia ya unga, miaka yangu sabini na miwili nayo, Fundi Saa akinishika vifundo vya miguu na harufu ya mikate ikinipanda puani.

"Mwalimu, ukianguka nakuuza kwa vipande!"

"Nyamaza, gari linatikisika!"

Nikafungua tundu la lenzi, nikaifunga stendi, nikatazama kioo cha kamera. Nyasi zilikuwa nyeupe mteremko mzima, na njia ilipita katikati yake ikiwa nyeusi kama wino, maana udongo mtupu haurudishi mwanga kama majani. Inapanda, inapinda kama kiwiko, inazunguka pasipo na kitu, inaendelea. Zamu ya zahanati ilikuwa inatoka, na mtu mmoja akashuka na mfuko begani. Nilimsubiri afike kwenye kona. Nikahakikisha miguu yake yote miwili imo.

Jumamosi, 4 Mei

Nimeitundika. Maji mdomoni.

"Naona njia nzima," akasema Haraka. "Naona mtu. Naona trekta, bahati mbaya."

Katika raundi ya pili Fundi Saa aliitazama picha, si mimi. "Paa la zahanati limelala kushoto. Ulipiga umeinama."

Ni kweli, limelala.

"Mimi nimekwama kwenye kona," akasema Muuguzi. "Nataka kujua inazunguka nini."

Macho yangu yalijaa, lakini maji ya mdomoni hayakupungua hata tone. Nilimeza baada ya msemaji wa mwisho kumaliza.

Jumatatu, 6 Mei

Trekta limeanza kazi asubuhi. Mpwa wangu amekuja mchana kuchukua picha. Nilikuwa nimekusudia kumweleza kila kitu, kama kawaida yangu, lakini nikakumbuka utaratibu. Nikachukua funda la maji, nikalizuia mdomoni.

Aliifungua karatasi mezani. Akafuata njia kwa kidole toka chini, polepole, mpaka kwenye kona. Kidole kikasimama.

"Mlimau," akasema. "Mama alikuwa ananituma niumwagilie. Mjomba, mbona huongei?"

Nilimeza, tukaongea mpaka chai ikapoa.

Wewe utakayelisoma daftari hili, fanya hivi leo: chukua picha unayoipenda kuliko zako zote, mpe mtu asiyekuogopa, weka funda la maji mdomoni, usimeze mpaka amalize.